Jinsi ya kusoma riwaya iliyopita mikononi mwa mkaguzi wa Kisovieti

Mwaka 1967 zilitoka tafsiri mbili za Kiingereza za The Master and Margarita, riwaya ya Mikhail Bulgakov: moja ya Mirra Ginsburg, nyingine ya Michael Glenny. Jina ni moja na mwandishi ni mmoja, ila matini ni mbili. Ginsburg alitafsiri yale yaliyochapwa na jarida la Moskva katika toleo la 11 la 1966 na la 1 la 1967, ambayo wakaguzi wa serikali, waliokuwa wakiamua nini kichapwe, walikuwa wameyapunguza kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Glenny alifanyia kazi matini iliyo kamili zaidi. Anayesoma ya Ginsburg bila kujua habari hii anaikosa ndoto ya Nikanor Ivanovich, pale watu wanapoketishwa ukumbini na kubanwa wasalimishe fedha za kigeni walizoficha. Kisha ataandika kwamba Bulgakov aliyakwepa mambo ya polisi wa siri. Hakuyakwepa. Aliyeyakwepa ni aliyeshika mkasi, miaka 26 baada ya mwandishi kuzikwa.

Ndiyo maana fasihi ya nchi za kikomunisti huchunguzwa kwanza, ikahukumiwa baadaye. Unahitaji daftari, penseli na, inapowezekana, matoleo mawili ya kitabu kimoja. Kutojua Kirusi si kizuizi, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi hii inafanyika kwa tafsiri.

Andika miaka mitatu kabla ya sura ya kwanza

Juu ya ukurasa wa daftari andika mwaka kazi ilipomalizwa, mwaka ilipochapwa mara ya kwanza popote duniani, na mwaka ilipochapwa nyumbani. Dibaji au maelezo ya mfasiri kwa kawaida huvitaja vyote. Hivi ndivyo ukurasa unavyoweza kuonekana:

- Yevgeny Zamyatin, We: 1921, New York 1924, kwa Kiingereza, nyumbani 1988.
- Anna Akhmatova, Requiem: sehemu kubwa 1935 hadi 1940, Munich 1963, nyumbani 1987.
- Boris Pasternak, Doctor Zhivago: 1955, Milan 1957, kwa Kiitaliano, nyumbani 1988.
- Vasily Grossman, Life and Fate: mswada ulikabidhiwa kwa wahariri 1960, Lausanne 1980, nyumbani 1988.
- Aleksandr Solzhenitsyn, One Day in the Life of Ivan Denisovich: 1959; jarida la Novy Mir, Novemba 1962; nyumbani mwaka huohuo.

Sasa pima mapengo. Mwaka wa pili ukiwa karibu na wa kwanza huku wa tatu ukiwa mbali, mswada ulivuka mpaka mwandishi akiwa hai, naye akalipia. Pasternak alitunukiwa Nobel Oktoba 1958, akafukuzwa katika Umoja wa Waandishi, akalazimika kuikataa tuzo. Miaka yote miwili ikiwa mbali na wa kwanza, mswada ulifichwa au ulikamatwa. Maofisa wa KGB, polisi wa siri, waliofika kwa Grossman Februari 1961 walibeba nakala, rasimu, hata karatasi za kaboni na utepe wa taipureta. Riwaya ilisalimika kwa sababu nakala nyingine zilikuwa zimefichwa kwa marafiki.

Wasomaji wengi hudhani kazi iliyopigwa marufuku ndiyo iliyoharibiwa zaidi. Mara nyingi ni kinyume. Iliyozuiwa kabisa imetufikia nzima, maana hakuna mhariri aliyepata nafasi ya kuitengeneza. Iliyoruhusiwa ndiyo yenye makovu. Kwa hiyo ukikuta miaka yote mitatu imekaribiana, usistarehe. Hapo ndipo penseli inapohitajika zaidi.

Angalia pia kama mwandishi alifariki kabla ya kuikamilisha kazi. Bulgakov aliendelea kusahihisha hadi wiki za mwisho za maisha yake mwaka 1940, kwa hiyo matini moja ya mwisho iliyotoka mkononi mwake haipo. Toleo la 1973 lililosimamiwa na Anna Saakyants linatofautiana na lile la 1989 la Lidia Yanovskaya, na tofauti hizo hazihusiani na ukaguzi. Usizihesabu kama makovu.

Soma mistari midogo ya mwisho

Ukipata toleo la Kisovieti, hata la picha mtandaoni, nenda ukurasa wa mwisho au nyuma ya ukurasa wa jina. Mistari ile midogo ina manufaa makubwa. «Сдано в набор» ni siku mswada ulipopelekwa kupangwa chapa. «Подписано к печати» ni siku uliporuhusiwa kuchapwa. «Тираж» ni idadi ya nakala. Karibu na hapo kuna herufi moja na tarakimu kadhaa: hiyo ni namba ya ruhusa ya Glavlit, ofisi ya ukaguzi iliyoanzishwa tarehe 6 Juni 1922. Jina la mkaguzi hulikuti, na msomaji wa kawaida hakutakiwa hata kujua namba ile ni ya nini.

Ukaguzi ulipita mara mbili. Kwanza mkaguzi alisoma karatasi za majaribio na kutoa idhini ya kuchapa. Kisha nakala chache za mwanzo zilirudi kwake ili aruhusu kitabu kitoke kiwandani. Kitabu kiliweza kukwama hata baada ya kuchapwa, jambo lililowatisha wahariri kuliko kitu kingine, kwa sababu hasara ilikuwa yao.

Andika umbali kati ya tarehe mbili za mwanzo. Kitabu cha kurasa 200 kilichokaa zaidi ya mwaka mmoja kinaashiria mvutano, lakini uhaba wa karatasi nao ulichelewesha vitabu, basi tafuta dalili ya pili kabla ya kusema lolote. Idadi ya nakala ni dalili nzuri. Mwandishi maarufu akichapwa nakala chache mno kuliko kawaida yake, hilo lilikuwa karipio lililotolewa kimyakimya.

Kamusi na ensaiklopidia za wakati ule zikague vilevile. Baada ya Lavrenti Beria, mkuu wa polisi wa siri, kuanguka mwaka 1953, wanunuzi wa Ensaiklopidia Kuu ya Kisovieti walitumiwa kurasa mpya, zikiwemo za Bahari ya Bering, pamoja na maelekezo ya kuiondoa makala ya Beria na kuzibandika mahali pake. Ukitafuta habari za mwandishi katika juzuu za wakati huo, angalia mwaka wa juzuu kwanza. Mtu aliyekuwa kizuizini hakuwa na makala.

Jua ni mkono gani uliokata

Kosa la kawaida ni kumtwika mkaguzi lawama zote. Mswada ulipitia mikono mingi kabla ya kumfikia: mwandishi mwenyewe, mhariri, mhariri mkuu, wajumbe wa bodi, wakati mwingine viongozi wa Umoja wa Waandishi, na kwa kazi nyeti ofisi za Kamati Kuu ya chama cha Kikomunisti. Glavlit ilikuwa karibu na mwisho wa mstari. Makato mengi yalikwisha kufanyika mezani kwa wahariri, na mengine kichwani mwa mwandishi kabla kalamu haijagusa karatasi.

Hakuna pa kujifunzia hili kuliko kwa Grossman. Riwaya yake ya kwanza kuhusu Stalingrad ilitoka katika Novy Mir mwaka 1952 kwa jina For a Just Cause. Jina alilolitaka yeye lilikuwa Stalingrad. Wahariri walidai matini iandikwe upya tena na tena, na Grossman aliweka kumbukumbu ya safari ya mswada wake siku kwa siku, ofisi kwa ofisi. Walitaka mwanafizikia Viktor Shtrum, Myahudi, aondolewe. Grossman alikataa, lakini akakubali kumweka juu yake mwalimu Mrusi, Chepyzhin. Hata baada ya hayo, Pravda, gazeti la chama, ya 13 Februari 1953 iliishambulia riwaya hiyo vikali.

Kwa miongo kadhaa ilisemwa kwamba Grossman wa 1952 alikuwa mtiifu na wa 1960 alizaliwa upya. Mwaka 2019 ilitoka tafsiri ya Kiingereza ya Robert na Elizabeth Chandler iitwayo Stalingrad, iliyorudisha vifungu vingi kutoka rasimu za awali, na hoja ile ikapoteza nguvu. Ucheshi, aibu, wizi, unafiki wa wakubwa: vilikuwemo tangu mwanzo. Kilichobadilika sana kati ya vitabu hivyo viwili ni kwamba cha pili hakikuhaririwa na ofisi yoyote.

Linganisha matoleo, aya kwa aya

1. Chagua sura moja inayogusa kukamatwa kwa watu, njaa, kurudi nyuma kwa jeshi, dini, au mapenzi. Ndiko mkasi ulikozoea kupita. Sura ya mandhari itakupotezea muda.
2. Zipe aya namba katika matoleo yote mawili.
3. Pembeni weka K kwa kilichokatwa, O kwa kilichoongezwa, B kwa kilichobadilishwa.
4. Kando ya kila alama andika neno moja la sababu unayoidhani: polisi, njaa, imani, mwili, jina la mtu.
5. Usitoe hitimisho kabla ya kufikisha alama 20 hivi. Alama tatu au nne zinaweza kuwa za mfasiri tu.

Kwa Bulgakov kuna njia ya mkato. Shirika la Posev la Frankfurt lilichapa toleo la 1969 ambamo vifungu vilivyokatwa na Moskva vimewekwa kwa herufi za mlalo. Hata usiyesoma Kirusi unaweza kufungua kurasa zake na kuona kwa macho mkasi ulipokaza na ulipolegea, kisha ukatafuta sura hizohizo katika tafsiri.

Alama za O wengi huzisahau, nazo ndizo zinazouma zaidi. Aleksandr Fadeyev alipata Tuzo ya Stalin mwaka 1946 kwa The Young Guard, riwaya kuhusu vijana waliopigana kisirisiri na Wajerumani. Mwishoni mwa 1947 Pravda ililalamika kwamba chama hakionekani kuwaongoza vijana hao. Fadeyev, kiongozi wa Umoja wa Waandishi, aliketi akaiandika upya, na toleo la 1951 likaja na wakomunisti wazima wanaotoa maelekezo. Kwa hiyo anayesema «nimesoma The Young Guard» hajatwambia kitu mpaka ataje mwaka wa toleo. Vivyo hivyo kwa Mikhail Sholokhov: ukitaka And Quiet Flows the Don, liepuke toleo la Kirusi la 1953 na tafsiri zilizotokana nalo, maana mamia ya mahali palirekebishwa.

Kuna pia ukaguzi wa kurudi nyuma. Baada ya hotuba ya Khrushchev ya Februari 1956 iliyomshutumu Stalin, vitabu vya miaka ya 1940 vilivyochapwa upya vilisafishwa sifa za Stalin. Mwandishi anaonekana mwenye msimamo kuliko alivyokuwa. Ukimpenda mwandishi, tafuta toleo la kwanza uone pia alipojipendekeza. Heshima ya kweli haihitaji kumficha.

Na si kila kato ni la chama. The Joke ya Milan Kundera ilitoka Prague mwaka 1967, lakini tafsiri ya Kiingereza iliyochapwa London 1969 ilipunguzwa na sehemu zake zikapangwa upya na mchapishaji wa huko, mpaka Kundera akalalamika hadharani. Tafuta tafsiri ya 1992, aliyoipitia mwenyewe. Kwa Ismail Kadare wa Albania, kumbuka kwamba vitabu vyake vingi vya Kiingereza vilitafsiriwa kutoka Kifaransa, na kwamba yeye mwenyewe alirekebisha kazi zake kwa ajili ya matoleo ya Paris baada ya kuhamia huko 1990. Usijenge hoja juu ya neno moja la tafsiri iliyovuka lugha mbili.

Samizdati: nakala ya tano ina ukungu

Samizdati ni kazi iliyotolewa bila ruhusa, kwa taipureta. Karatasi nyembamba zilipangwa pamoja na kaboni katikati, zikagongwa kwa nguvu nakala nne hadi sita kwa mkupuo. Ya kwanza ilisomeka vizuri. Ya tano ilikuwa na ukungu. Aliyepewa alisoma kwa usiku mmoja au miwili, akagonga nakala zake, akapitisha.

Matokeo yake kwa msomaji wa leo: mstari ulirukwa, neno lililofifia likakisiwa, kichwa kikabadilika, shairi likapewa mwandishi asiye wake. Ukiona beti tofauti za shairi lilelile katika vitabu viwili, usikimbilie kusema limekaguliwa. Uliza kwanza limetoka kwenye nakala ya nani. Mashairi mengine hayakukaa hata kwenye karatasi. Requiem ilihifadhiwa vichwani mwa watu wachache waaminifu, akiwemo Lidia Chukovskaya, na Nadezhda Mandelstam alikariri mashairi ya mumewe Osip, aliyefariki Desemba 1938 katika kambi ya wafungwa waliokuwa safarini karibu na Vladivostok. Kwa kazi za namna hii soma maelezo ya mhariri kabla ya beti.

Kazi iliyochapwa ughaibuni, tamizdati, ina hatari yake: mpangilio. Varlam Shalamov alizipanga hadithi zake za kambi za wafungwa za Kolyma katika mafungu, kila hadithi ikiitikia iliyotangulia. Jarida moja la Kirusi la New York lilianza kuzichapa 1966 moja moja, bila idhini yake na bila mpangilio. Hata tafsiri ya Kiingereza ya John Glad, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyojulikana, ni hadithi teule. Ukitaka mpangilio wa mwandishi, chukua ile ya Donald Rayfield, juzuu la 2018 na la 2020, na usirukeruke.

Mafumbo, na kiasi cha kufumbua

Waswahili husema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Shida ni kwamba mkaguzi hakuwa mjinga. Fumbo lilipita si kwa sababu hakuliona, bali kwa sababu kulikataa kungemlazimu aseme kwa maandishi kwamba mtawala katili wa hadithini anafanana na mtawala wa nchi.

Mwandishi alihamishia mambo kwenye historia ya kale, nchi ya mbali, sayari nyingine au hadithi ya watoto. Kadare aliweka The Palace of Dreams, ya 1981, katika dola ya Waturuki, ambako ofisi moja inakusanya ndoto za raia na kuzichambua. Mkutano wa waandishi wa 1982 uliilaani na kitabu kikapigwa marufuku. Ndugu Strugatsky walilazimishwa kumbadilishia jina shujaa wao wa The Inhabited Island kutoka Rostislavsky kuwa Kammerer, ili mtu aliyetua katika sayari ile ya mateso asisikike kama Mrusi.

Kabla ya kusema «huyu ni Stalin», jiulize mambo matatu. Kitabu kiliandikwa lini hasa? Wasomaji wa wakati ule walikielewa hivyo, kama marufuku na mashambulizi ya magazeti yanavyoonyesha? Na picha hiyo inajirudia mahali pengine katika kazi za mwandishi huyo? Majibu mawili ya ndiyo yanatosha kuendelea. Bila hayo, mfalme ni mfalme.

Mwandishi akionekana amenyamaza miaka kumi, tafuta tafsiri alizofanya. Pasternak alijikita katika Shakespeare na Goethe wakati mashairi yake hayakuwa na mlango. Hamlet yake ilichapwa 1940. Daniil Kharms alijulikana kwa vitabu vya watoto, kwa kuwa kazi zake za watu wazima karibu zote hazikuchapwa akiwa hai.

Mipaka ikivukwa, alama hubadilika

Usibebe kanuni za Moscow kila mahali. Poland baada ya sheria ya 31 Julai 1981 iliruhusu kato lionyeshwe: utakuta mabano ya mraba yenye vistari ndani, pamoja na jina la sheria na kifungu chake. Ukiyaona, kovu umeonyeshwa. Ujerumani Mashariki haikukiri kuwa na ukaguzi. Kila kitabu kiliombewa kibali cha kuchapwa wizarani, na ripoti za wasomaji wa shirika la uchapishaji ziliambatanishwa na ombi hilo. Mihadhara ya Christa Wolf kuhusu Kassandra ilitoka huko 1983 ikiwa na vidoto mahali palipokatwa, wakati toleo la Ujerumani Magharibi lilikuwa kamili. Yalinganishe hayo mawili; ni zoezi zuri na fupi. Hungaria ilikuwa na makundi matatu, yanayoungwa mkono, yanayovumiliwa na yanayokatazwa, na kilichovumiliwa leo kiliweza kukatazwa kesho. Romania iliamuru mwaka 1983 taipureta zote zisajiliwe polisi, kwa hiyo usitarajie samizdati nyingi kutoka huko.

Kuba ilifanya jambo la ajabu. Diwani ya Heberto Padilla, Fuera del juego, ilishinda tuzo ya Umoja wa Waandishi mwaka 1968, na umoja huohuo ukaichapa ukiwa umeweka tamko la kuipinga ndani ya kitabu. Usiruke kurasa hizo. Ni sehemu ya kitabu. Padilla alikamatwa Machi 1971, na mwezi uliofuata akasoma hadharani maelezo marefu ya kujilaumu.

Maungamo ya aina hiyo yasome na kalenda mkononi. Shalamov naye alichapa barua katika Literaturnaya Gazeta mwaka 1972 akilaani waliochapa hadithi zake nje. Sehemu ya hasira ile ilikuwa ya kweli, maana mpangilio wake uliharibiwa na hakuombwa ruhusa. Sehemu ilikuwa bei ya kuendelea kuchapwa nyumbani. Katika daftari iandike barua kama hiyo kwenye ukurasa wa matukio, siyo kwenye ukurasa wa imani ya mwandishi. Na utakapoandika uhakiki wako, taja mwaka wa toleo na jina la mfasiri katika sentensi ya kwanza, ili mwenye matini nyingine ajue mnasoma vitabu viwili.